"Hatuna Muda": Neno Tunalolikataa

Vijana wapenzi, kila tunapowaomba muandike machache juu ya maisha ya parokia zenu, jibu huwa moja: hatuna muda. Limezoeleka kama salamu. Leo twasimama kulipinga, kwa kuwa ukweli wake ni nusu tu, na nusu inayobaki inatugharimu kumbukumbu ya mji wetu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Yuko kijana wa Goma aamkaye alfajiri kwenda ziwani na bidoni, kwa kuwa bomba la kwao ni kavu. Yuko asukumaye chukudu hadi jua lizame. Yuko msichana auzaye makala mchana, na usiku awapikia wadogo zake gizani, umeme umekatika. Wanaohubiri kwamba mwandishi hujifungia peke yake chumbani saa kumi za usiku hawasemi na hawa. Chumba hicho hawana, na usingizi wa mchovu ni haki yake.

Lakini ni nani aliyetufundisha kwamba kuandika ni kazi ya wenye starehe? Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vinasomwa popote Kiswahili kinaposomwa, alikuwa karani wa forodha huko Tanganyika tangu 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akashika kazi nyingine za serikali. Aliandika akiwa na mkubwa wa kazi juu yake na watoto wa kulisha.

Karibu zaidi nasi, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliandika vita vikiwa mlangoni, akiwatetea wakimbizi na watu wake, hadi alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli ya 1999 juu ya mateso ya watu. Februari 2000 waasi waliotawala Bukavu wakamzuia kurudi jimboni mwake, akakaa uhamishoni Butembo hadi Septemba. Tazameni: wenye bunduki waliziogopa kurasa chache za karatasi. Je, sisi ndio tuzidharau?

Asiyejiandika huandikwa na wengine. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliupasua mji wetu, ukalimeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena. Wataalamu wamepima upana wa lava na joto lake, nasi twawashukuru. Lakini ni nani aliyembeba bibi yake mgongoni? Ni nyumba zipi zilizowafungulia milango watu wasiowajua? Hayo yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Wengi wenu mlizaliwa baada ya 2002. Msipouliza na kuandika ninyi, watoto wenu watalikuta jiwe jeusi lisilo na habari.

Mwamjua Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mkaguzi wa bidhaa mpakani, aliyekataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa mwezi Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Katikati ya siku hizo mbili ipo kazi ndefu isiyoimbwa: watu walisimulia, wengine wakaandika, ushahidi ukakusanywa na kuchunguzwa. Bila kalamu hizo, kukataa kwake kungebaki mnong'ono wa mtaani. Wema usioandikwa huzikwa mara mbili.

Basi muda utoke wapi? Hapa ndipo tunapowapinga hata marafiki zetu wanaomwambia kila kijana ajitafutie wake. Mtu mmoja mmoja kweli hana, kikundi kinao. Kikundi kinachochangia arusi na matanga kinaweza kumchotea mwenzao maji jioni moja ili aandike. Kikundi kinachokutana kila juma kinaweza kutenga dakika kumi baada ya sala ya kufungua, watu wote wakae kimya, waandike. Daftari moja, kalamu mbili, zatosha kuanza. Asiyejua kuandika asimulie, jirani yake awe mkono wake. Iwe Kiswahili chetu cha Goma, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Kifaransa. Lugha isiwe kisingizio kipya.

Wengine watasema: twatumiana sauti kwa simu, yatosha. Haitoshi. Simu huibwa, hufutwa, huanguka majini, na habari hupotea pamoja nayo. Wengine watasema kwamba kuandika kwaweza kuleta hatari, na hao wasikilizwe kwa heshima, maana twajua tunaishi wapi. Msiandike jina la mtu ambalo laweza kumdhuru. Daftari litunzwe na mtu mwaminifu. Si kila kilichoandikwa lazima kisomwe leo. Kuna maneno yanayongoja amani.

Enyi wakuu wa vikundi, wa Kiro, wa Xaveri, wa kwaya: makatibu wenu huandika michango na majina ya waliochelewa. Wapeni jambo kubwa zaidi la kuandika. Na mkutano ujao mtu akisema "hatuna muda", mjibuni kwa upole: wewe huna, sisi tunao, njoo tukugawie.