Tudai Saa za Kusoma, Tusidai Alama

Makamanda, rasimu ya madai ya vijana imezunguka kwenye magrupu wiki nzima, na kipengele kilichopigiwa makofi kuliko vyote ni cha kozi ya haraka ya uuguzi. Hoja yenyewe inaeleweka haraka. Vituo vya afya vina upungufu wa wauguzi, na mtaani wamejaa vijana wenye digrii za sosholojia, uhasibu na utawala wanaoendesha bodaboda. Basi wachukuliwe, wasomeshwe uuguzi kwa mwaka mmoja na nusu badala ya miaka minne, waingie wodini. Chini yake kuna mstari mwingine, nadhani uliongezwa usiku: sapu zifutwe, zinawakwamisha watoto wa maskini.

Mimi ni mtoto wa maskini, nimekamata sapu, na ni muuguzi wa stashahada niliyerudi chuo kutafuta digrii. Kwa hiyo naomba nisikilizwe kabla rasimu haijapelekwa kwenye kikao.

Kozi ya namna hiyo ipo duniani, hatujaibuni sisi. Nchini Marekani mtu mwenye digrii nyingine anaweza kusoma digrii ya uuguzi kwa miezi 12 hadi 18. Ila waliotuletea habari hiyo kwenye grupu wameleta nusu. Vyuo vingi vya kule vinamtaka mwombaji awe ameshafaulu anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu kabla hajaingia. Akishaingia anasoma muda wote, likizo hakuna ya maana, na vyuo vingi vinamshauri waziwazi asifanye kazi mpaka amalize. Alama ya kufaulu huwa juu, mara nyingi asilimia 75 au zaidi, na ukianguka masomo mawili kwa kawaida safari imekwisha. Ukimaliza unasubiriwa na mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ambao haujali kama ulisoma miaka minne au miezi 15. Yaani kilichopunguzwa pale ni kalenda. Mambo ya kujua yako palepale, na mgonjwa ni yuleyule.

Sasa niambieni, kwetu huyo kijana wa bodaboda atasoma saa ngapi?

Nawapa mfano wangu, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba anayekamata sapu ni mvivu. Mwaka wa pili nilikuwa na darasa asubuhi, wodi mchana, na usiku tatu kwa wiki nilikuwa zamu kwenye hospitali binafsi ili nilipe chumba. Bumu lilikuwa limechelewa. Likatoka, likaenda lote kwa mama mwenye nyumba. Asubuhi moja nimetoka zamu, nimenawa uso chooni, nimeingia kwenye jaribio la famakolojia. Swali la tatu: mgonjwa apewe mililita 1000 za dripu kwa saa 8, mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita moja, je, ni matone mangapi kwa dakika? Swali hilo nimelifanya kwa mikono yangu miaka minne kazini. Jibu ni matone 42. Mimi nikaandika 125.

Ile 125 ni mililita kwa saa. Nilifika nusu ya njia nikasinzia na kalamu mkononi, nikaamka nikadhani nimemaliza. Nilipata sifuri kwenye swali lile, na mwisho wa muhula nikakamata sapu ya famakolojia kwa alama chache sana.

Nilimchukia mwalimu kama wiki mbili hivi. Kisha siku moja nikakaa nikapiga hesabu ya lile jibu langu. Matone 125 kwa dakika, lita nzima inaisha kwa saa mbili na dakika arobaini badala ya saa nane. Kwa kijana mwenye kuhara anaweza kupona nayo. Kwa bibi mwenye moyo uliochoka, maji yanajaa mapafuni, anaanza kukoroma na kutafuta hewa, na saa tisa ya usiku muuguzi yuko peke yake na wagonjwa arobaini. Mwalimu alinipa sifuri, na sifuri ndiyo iliyokuwa haki yangu. Ndiyo maana siwezi kuunga mkono mstari wa sapu zifutwe, hata ukiandikwa kwa jina la maskini. Hospitali hizo za umma nani analala pale? Ni mama zetu. Wenye uwezo wana pa kwenda.

Lakini pia sikubali kwamba nilikuwa sijui. Nilikuwa sijalala. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kiyatofautishe.

Mtauliza alama zilipandaje. Kulikuwa na mambo ya kawaida ambayo kila mwanachuo anayajua: tulikuwa wanne, tukawa tunakutana saa kumi na moja alfajiri kabla ya daladala, hatusomi madesa kwa kurudiarudia bali tunaulizana maswali tu, kila mtu anaeleza ugonjwa mmoja kama anamweleza ndugu wa mgonjwa. Hesabu za dawa tano kila siku, hata Jumapili. Nikirudi kutoka wodini naandika mgonjwa mmoja niliyemwona na dawa alizopewa na kwa nini. Ilisaidia, sana tu. Ila kusema kweli, kilichonivusha ni kwamba niliacha zamu za usiku. Na niliziacha kwa sababu dada yangu alikopa kwenye vikoba akanilipia chumba miezi sita. Sapu nikaitoa, na muhula uliofuata sikukamata nyingine. Dada bado analipa ule mkopo, na cheti kitakuwa na jina langu peke yangu.

Wangapi wana dada kama huyo?

Twende kwenye mkopo wa serikali. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na aliyepandisha apewe haki yake, hatufi kwa kusema kweli. Lakini shilingi 10,000 inayofika wiki ya nane haijanunua chakula cha wiki ya kwanza. Mwanafunzi atakuwa ameshakopa, au ameshachukua zamu. Akianguka asiingie mwaka unaofuata, mkopo unasimama. Akidisko kabisa, deni linabaki naye, na siku akipata ajira makato ya asilimia 15 ya mshahara yanamsubiri kwa digrii ambayo hana. Na huyu wa kozi ya haraka tunayempigia makofi ana digrii tayari, pengine na deni lake. Nani atamlisha hiyo miezi 18? Rasimu haina hata sentensi moja. Kama hatumlishi atabaki kwenye bodaboda usiku, na tutakuwa tumetengeneza kiwanda cha kudisko watu kwa kasi. (Tena wauguzi waliokwisha kuhitimu wako mtaani wanajitolea bila mshahara wakisubiri ajira. Hilo nalo lingetangulia, ila tuliache kwa leo.)

Halafu kuna letu wenyewe, na hili sitalipenda kuliandika. Mwaka juzi nilikuwa katibu wa vijana wa kata. Tuliitisha mafunzo ya siku mbili ya mawakala, nikatuma ujumbe kwa wanachuo wote walio kwenye orodha yangu na kumalizia na maneno haya: kamanda wa kweli haombi udhuru. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza wa uuguzi alinijibu kwamba UE inaanza Jumatatu. Nikamtumia emoji ya ngumi. Alikuja. Aliandika mahudhurio, akapanga viti, akakaa mpaka mwisho, Jumapili saa mbili usiku. Alikamata sapu tatu, akashindwa kuzitoa, akadisko. Sisemi mafunzo yetu ndiyo yaliyomwangusha, maana alikuwa na mengi na mimi nilikuwa sijui hata moja. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nahitaji mtu wa kupanga viti. Sasa yuko kwao, na tulipozungumza mara ya mwisho aliniuliza kama bado tunatafuta mawakala.

Kwa hiyo napendekeza mstari wa sapu ufutwe wenyewe. Kozi ya haraka ibaki, ikiwa na masharti: anayeingia awe amefaulu kwanza masomo ya sayansi ya msingi, alipwe posho ya kuishi muda wote wa masomo, na posho iingie kabla ya wiki ya kwanza ya wodi. Kwa wanachuo wote wa afya tudai tarehe ya bumu iandikwe kwenye kalenda ya chuo kama ilivyoandikwa tarehe ya mtihani, na ikipita, chuo kisimfukuze mtu hosteli wala kumzuia mtihani. Tudai vitanda vya wanachuo karibu na hospitali za mafunzo, ili saa mbili za daladala ziwe saa mbili za kusoma au kulala.

Na makatibu wa kata wapewe ratiba za UE za vyuo vilivyo kwenye maeneo yao. Kikao cha rasimu kimepangwa wiki mbili zijazo, Jumamosi. Nimeangalia kalenda: vyuo viwili vya jirani vinaanza mitihani Jumatatu yake. Naomba kisogezwe.