Tusiwapime watoto kwa sekunde za bahati

Kuna kosa nililolitenda mwaka jana ambalo hadi leo hunitia haya kila nionapo mchemraba wa Rubik, kile kidude cha plastiki chenye pande sita za rangi mbalimbali ambacho vijana wetu hukizungusha vidoleni popote walipo. Nalieleza hapa kwa kuwa nashuku kwamba sikulitenda peke yangu.

Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 12, alinijia jioni moja ya likizo ya Agosti akitweta kwa furaha. "Mjomba," akaniambia, "leo nimeutatua kwa sekunde 23!" Nami niliichukua nambari hiyo nikaitangaza kama mbiu ya mgambo. Kazini nilisema, sokoni nilisema, na katika sherehe ya ukoo mwezi wa Desemba nikamsimamisha mbele ya jamaa zaidi ya 30, simu mkononi tayari kupima muda. Jaribio la kwanza alimaliza kwa sekunde 38. La pili, 35. La tatu vidole vilimtetemeka, kipande kikafyatuka na kuanguka sakafuni. Wazee wakacheka. Mmoja akauliza, "Huyu ndiye bingwa wako?" Kijana aliuweka mchemraba mezani, akatoka nje, na hakuugusa tena hadi shule zilipofunguliwa.

Nilidhani alikuwa amenidanganya. La hasha! Alisema kweli tupu. Aliyepotosha mambo ni mimi.

Ili msomaji anielewe, hana budi kuujua mchezo wenyewe. Mchemraba huu ulibuniwa mwaka 1974 na Ernő Rubik, mhadhiri wa usanifu mjini Budapest, Hungaria. Unaweza kuvurugwa kwa namna 43,252,003,274,489,856,000. Mwaka 2010 watafiti waliotumia kompyuta walithibitisha kwamba namna yoyote kati ya hizo yaweza kutatuliwa kwa mizunguko isiyozidi 20. Binadamu hana uwezo wa kuiona njia hiyo fupi. Yeye hujifunza kanuni, akajenga tabaka la chini, kisha la kati, na hatimaye la juu.

Sasa, katika njia inayotumiwa na wengi wenye kasi, kazi ya mwisho ni kuvihamisha vipande vya tabaka la juu hadi mahali pake, na kuna hali 21 ambazo mchezaji hukariri namna ya kuzitatua. Lakini kwa wastani, mara moja katika kila mara 72, vipande hivyo hujikuta tayari vimekaa sawasawa. Kazi imekwisha kabla ya kuanza! Hilo ndilo lililomtokea mpwa wangu mwezi ule wa Agosti. Alikimbia kuja kunieleza maajabu yaliyomfika, ilhali mimi nilisikia nambari tu. Wahenga walituonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Mimi niliilalia, nikawaalika na wageni.

Wenye mchezo huu walilitambua jambo hili zamani. Katika mashindano ya kwanza ya dunia, yaliyofanyika Budapest mwaka 1982, mshindi alipatikana kwa jaribio moja lililo bora, naye Minh Thai wa Marekani akatwaa taji kwa sekunde 22.95. Lakini chini ya World Cube Association, shirika lililoanzishwa mwaka 2004, bingwa wa mchemraba wa kawaida hupatikana kwa njia nyingine. Kila mshindani hupewa majaribio matano. Lililo bora kabisa huwekwa kando, lililo baya kabisa pia huwekwa kando, na yale matatu yaliyosalia ndiyo hutolewa wastani. Bahati haimpi mtu taji, wala mkosi mmoja haumnyang'anyi.

Je, sisi wazazi na walezi tunao uadilifu wa namna hiyo? Mtoto anaporudi nyumbani na ripoti ya shule, swali letu la kwanza ni, "Umekuwa nambari ngapi?" Yule aliyepanda kutoka alama 30 hadi 45 hupokewa kwa kimya kwa sababu bado ni wa 28 darasani. Yule aliyebahatisha maswali aliyoyasoma usiku uliotangulia huchinjiwa kuku. Kisha twashangaa kwa nini mtoto huanza kuificha ripoti, au kuitafuta nambari nzuri kwa njia za mkato.

Najua yupo atakayenijibu kwamba dunia yenyewe ni mashindano. Sikatai. Max Park wa Marekani alipoutatua mchemraba kwa sekunde 3.13 mwaka 2023, na Xuanyi Geng wa Uchina kwa sekunde 3.05 mwaka 2025, walistahili kila kofi walilopigiwa. Wala sisemi mtoto azuiwe kuwatangazia wenzake muda wake bora. Furaha hiyo ni haki yake. Lakini sikilizeni watoto wenyewe wanapopashana habari hizo. Mmoja akitaja muda wake, mwenzake humuuliza mara moja, "Wastani wako je? Tabaka la juu lilijipanga lenyewe?" Ni sisi watu wazima tunaoishia kwenye nambari ya kwanza.

Mwezi wa Januari nilikwenda kumwomba radhi mpwa wangu. Hakusema neno, alinifungulia daftari. Humo alikuwa ameandika nyakati zake zote za mwaka mzima. Januari iliyotangulia, wastani wake ulikuwa sekunde 70. Aprili, 52. Agosti, 41. Desemba, 36. Kumbe zile sekunde 38 na 35 zilizochekwa na ukoo mzima zilikuwa ushahidi wa kijana aliyepunguza muda wake karibu kwa nusu, bila mwalimu na bila kusukumwa na mtu! Habari kubwa ilikuwa ndani ya daftari, na hakuna aliyekuwa ameuliza kuiona.

Basi nawasihi wazazi wenzangu: mtoto akija mbio na nambari, ifurahieni pamoja naye, kisha mwulizeni ameipataje, na mwezi uliopita alikuwa wapi. Na mgeni akiwapo sebuleni, nambari hiyo muiache ikae nyumbani.

Wastani wa mpwa wangu sasa ni sekunde 31. Amenipa ruhusa kuutaja hapa kwa sharti moja, kwamba niandike pia kuwa juzi alitumia sekunde 44. Nimetimiza.