Mwacheni Asiyekunywa

Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na sitalizungushia maneno. Sisi Wakristo tumejizoesha kumwandama mwenzetu aliyeamua kuacha pombe. Leo simsemi mlevi. Mlevi ameshasemwa mimbarini mpaka wahubiri wamekauka koo, wala hakuna muumini, anywaye au asiyekunywa, atakayesimama kumtetea. Namsema muungwana anayekunywa kwa kiasi chake, pengine ni mzee wa kanisa, mtu mwema asiye na ugomvi na yeyote, mpaka pale atakapomwona kijana mbele yake ameshika chupa ya maji. Hapo hatulii tena.

Nendeni kwenye harusi yoyote mkaone. Ndoa imefungwa, mchungaji amebariki, kwaya imeimba, na sasa watu wamejaa ukumbini. Kreti zimepangwa kando ya meza. Mhudumu anapita na opena, na bia inafunguliwa mbele ya kijana kabla hajaulizwa lolote. Anasema kwa adabu, "Baba mdogo, mimi situmii." Baba mdogo anawageukia wenzake: "Huyu naye ni mwanaume?" Mwingine anamuuliza kwa sauti, "Vipi, uko kwenye dozi?" Wa tatu anamwambia moja haiui. Mshereheshaji naye, kipaza sauti mkononi, anatangaza kwamba asiyekunywa leo hampendi bwana harusi. Kijana ameinamia sahani ya pilau, masikio yanamwaka moto. Na huyo ni mtoto wetu. Ni sisi tuliombatiza na kumpa kipaimara, tukaahidi mbele za Mungu kumsaidia asimame.

Nimeona na kubwa kuliko hilo. Mtu mzima anammiminia mwenzake pombe kali kwenye glasi ya soda wakati mwenyewe amekwenda kunawa mikono, na meza nzima inacheka. Mzaha mzaha hutunga usaha! Mnajua kwa nini yule ameacha? Labda shamba la kahawa la baba yake liliishia baa. Labda yeye mwenyewe alilala mitaroni, akamlilia Mungu, akainuliwa, na mwili wake ukionja tone moja utarudi kulekule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumnywesha mtu pombe kwa hila ni dhambi, na aliyefanya hivyo Jumamosi asikimbilie Meza ya Bwana Jumapili kabla hajamwendea mwenzake kuomba radhi.

Hao wasemao moja haiui nawajibu kwa ufupi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Wahenga hawakuhitaji maabara. Walituambia mchovya asali hachovyi mara moja.

Najua mtakalonijibu: Kana ya Galilaya. Kila nikilisema jambo hili lazima atokee mtu wa kunikumbusha Kana, kana kwamba Injili ya Yohana ina sura moja tu. Sibishani na Kana. Ile ilikuwa divai, na Bwana wetu aliitoa kwa wingi, mabalasi sita ya mawe yaliyojaa mpaka juu. Lakini isome habari ile tangu mwanzo hadi mwisho, unionyeshe ni wapi mtumishi alisimama nyuma ya mgeni akimshika mkono ili anywe. Hakuna. Na mkimaliza Kana mnahamia kwa Timotheo, kwamba Paulo alimshauri atumie divai kidogo. Haya, tumsome Timotheo vizuri. Alikuwa na tumbo bovu na maradhi ya mara kwa mara, na Paulo alimpa ushauri kama mgonjwa. Tena mtu hashauriwi aongeze divai kidogo kwenye maji anayokunywa ila awe anakunywa maji matupu. Kumbe kijana huyu mnayemtaja kila siku kumtetea mnywaji, mwenyewe alikuwa hanywi, na bado alikabidhiwa kundi la Efeso!

Tena fungueni Yeremia sura ya 35, sura ambayo sijaisikia ikihubiriwa harusini. Warekabi walikuwa ukoo wa watu wa mahema, waliokimbilia Yerusalemu kwa kuliogopa jeshi la Nebukadreza. Mungu akamwagiza Yeremia awaite hekaluni, awakaribishe divai. Fikirini mambo yalivyokuwa. Mwaliko umetoka kwa nabii. Mahali penyewe ni chumba cha nyumba ya Bwana, mabakuli yamejaa, vikombe viko tayari. Ni nani angethubutu kukataa? Nao walikuwa wakimbizi, wageni mjini, watu wa kuomba hifadhi. Kukataa ukarimu wa mwenyeji katika hali ile kungeweza kuwagharimu. Wakakataa. Wakasema babu yao Yonadabu aliwakataza, wao na wanao, na hawako tayari kuvunja neno la baba yao. Na Mungu hakuwaona washamba, wala hakuwauliza kama ni wanaume. Aliwasifu mbele ya taifa zima, akawahakikishia kwamba ukoo wao hautakosa mtu wa kusimama mbele zake. Na angalieni sana: katazo lile halikuwa sheria ya Musa. Waisraeli wengine walikunywa divai yao bila kuambiwa wamekosa. Ule ulikuwa uamuzi wa nyumba moja, na Mungu akauheshimu. Ikiwa Mungu ameuheshimu, sisi ni akina nani hata tuubeze?

Wazee wangu wa Kilimanjaro watasema nimesahau mila. Sijasahau. Najua mbege inavyopikwa, ndizi mbivu zikachemshwa, uji wa ulezi uliomea ukatiwa, na gome la msesewa likaleta uchungu wake. Najua pia kwamba habari ya mahari haianzi vizuri bila kibuyu, na wagombanao juu ya mpaka hupatanishwa kwa kata moja. Ni desturi yenye heshima na siiondolei heshima yake. Lakini anayeipokea kata kwa mikono miwili na kumpisha mzee aliye jirani yake hajaudharau ukoo. Amekuja, ameketi, ameshika alichopewa, amesikiliza. Mnataka nini zaidi kwake?

Tena tunao watangulizi. Uamsho ulipowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Bukoba, walokole walikataa pombe katika nchi ambako rubisi ndiyo iliyokuwa adabu ya kumpokea mgeni. Walitengwa, walitukanwa, waliambiwa wameasi nyumba za baba zao. Nyumba hizohizo baadaye zilitafuta mtu wa kumwekea fedha za ukoo, zikawaendea wao. Hiari yashinda utumwa, na watu wale walikuwa huru kweli.

Ndugu zangu Wakatoliki msidhani haya ni ya walokole peke yao. Chama cha Mapayonia, ambacho wanachama wake huahidi kuacha pombe maisha yote kwa upendo wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, kilianzishwa na Padri James Cullen, Mjesuiti, mjini Dublin mwaka 1898, na kimefika mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Mji huohuo ulikuwa na kibarua aitwaye Matt Talbot, aliyeanza kunywa akiwa bado mtoto. Siku moja mwaka 1884 hakuwa na senti. Akasimama nje ya baa siku ya mshahara akiwasubiri wenzake, wale ambao yeye alikuwa akiwanunulia kila akipata. Wakapita mmoja mmoja. Wapo waliomsalimu, hakuna aliyemwambia karibu ndani. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuapa kuacha. Aliapa miezi mitatu kwanza, kisha sita, kisha maisha. Hakuonja tena mpaka alipofia njiani akienda Misa mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa likampa cheo cha Mstahiki. Wenzake wa baa hawakumfaa kwa lolote siku aliyokuwa hana. Laiti wangemwacha mapema!

Na kwa kuwa nimeshataja harusi, siwezi kupita bila kuwagusa wenyeviti wa kamati. Ni nani aliyetuambia kikao cha harusi ya Kikristo lazima kifanyike baa? Ndoa itabarikiwa madhabahuni, lakini kuipanga tunaketi kwenye viti vya plastiki, muziki unapiga mpaka katibu hasikii ahadi za watu, na kila mjumbe anaagiza chupa kabla ya sala ya kufungua. Mama mjane anayekuja na mchango wake wa elfu hamsini anavuka meza za walevi ili aukabidhi. Usharika una ukumbi, parokia ina darasa, nyumbani kuna uwanja. Halafu ikisomwa bajeti, fungu la vinywaji limelipita la chakula, na mtu mzima anasimama kudai liongezwe, "tusije tukaaibika." Mwezi huohuo mtoto wa ndugu yetu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na karatasi ya kumchangia imezunguka ikarudi na majina manne. Hiyo ndiyo aibu! Wenyeviti, ninyi ni watu hodari sana. Mnaweza kukusanya mamilioni kwa wiki chache, jambo ambalo wahazini wetu wa kanisa wanalitamani. Uhodari huo msiupeleke wote kwenye kreti.

Tusisahau pia wadogo wanaotutazama. Serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, sote tulishangilia, maana tulikuwa tumechoka kuona vile vifuko mifukoni mwa wanafunzi na madereva wa bodaboda. Lakini aliyewafundisha vijana kwamba mwanaume ni chupa si mwenye kiwanda peke yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto wa miaka kumi na miwili anayemwona kaka yake akizomewa kwa kunywa maji ameshapata somo lake siku hiyo.

Sasa nanyi msiokunywa, msikae mkipiga makofi. Wako miongoni mwenu ambao soda yao imewapanda kichwani kuliko bia. Mtu ameacha pombe, hakuacha umbeya. Ameacha pombe, hakulipa deni la duka. Kisha anamtazama jirani yake mwenye bia moja kama mwana wa jehanamu. Paulo aliwaandikia Warumi pande zote mbili: mwenye kula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Yohana Mbatizaji hakunywa, wakasema ana pepo. Bwana wetu alikula na kunywa, wakamwita mlevi. Midomo ya watu haikuridhika na yeyote kati yao, nasi tusiifuate. Wewe uliyeacha, jibu kwa upole, "Ahsante, mimi situmii," kisha cheza, cheka, mtunze bibi harusi, kaa mpaka mwisho. Huna haja ya kutoa hotuba wala kueleza historia yako kwa mtu asiye na haki ya kuiuliza.

Najua kamati nyingi za harusi zimeshaundwa. Ninawaomba mambo machache yasiyo na gharama. Mhudumu amuulize mgeni kabla ya kufungua chupa. Maji na juisi viwekwe kila meza tangu mwanzo, visiwe vya kuombwa kama dawa. Mshereheshaji aambiwe mapema kwamba utani wa asiyekunywa hautakiwi. Na wewe baba mdogo, nakuheshimu sana: mkaribishe kijana mara moja, na akisema hatumii, mwitie mhudumu amletee maji ya baridi, kisha muulize habari za kazi yake.