Maua juu ya kaburi la aliyesingiziwa



Mwaka mmoja, Kwaresima ikiwa ndiyo inaanza, nilikuwa Japani, kisiwa cha Kyushu. Padre mwenyeji wangu alinipeleka kuona Dazaifu Tenmangu, hekalu la kale la dini ya Shinto. Miplamu yapata 6,000 ya eneo lile ilikuwa imechanua maua meupe na ya waridi. Wazee walipiga picha. Wanafunzi waliandika maombi ya mitihani kwenye vibao vya mbao na kuvitundika.

Huenda unauliza: padre anatafuta nini hekaluni? Sikwenda kuabudu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha tusikatae lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Nikasimama kwa heshima, nikasikiliza historia ya mahali pale. Ikanichoma.

Hekalu limejengwa juu ya kaburi la Sugawara no Michizane, msomi, mshairi na waziri. Mwaka 901 wapinzani wake walimsingizia kwa mfalme kwamba anapanga njama. Akaondolewa Kyoto, akapelekwa Dazaifu, akafia huko mwaka 903 bila kusafishwa jina. Maafa yalipoukumba mji mkuu, ikiwemo radi iliyopiga jumba la mfalme mwaka 930, watu waliamini ni hasira ya marehemu. Alirudishiwa vyeo akiwa kaburini, na hatimaye wakamwabudu kama mungu wa elimu.

Sisi hatuamini kwamba marehemu hulipiza kisasi kwa radi. Lakini heshima inayokuja mtu akishazikwa, hiyo tunaijua vizuri.

Miaka ya nyuma, katika parokia moja, niliambiwa kwamba mzee mmoja, mweka hazina wa jumuiya, amekula fedha za ujenzi. Sikumwita wala kumsikiliza, nilimwondoa. Miezi michache baadaye fedha zilionekana, zimeandikwa katika daftari jingine. Nikakusudia kwenda kumwomba radhi, nikaahirisha: kwanza semina, halafu Pasaka. Mzee akafariki. Niliongoza misa ya mazishi yake, nikamsifu sana, na shada langu lilikuwa kubwa kuliko yote. Mjane wake aliponishukuru, sikuweza kumtazama usoni.

Ndugu yangu, Yesu aliwakemea waliojenga makaburi ya manabii ambao baba zao waliwaua (Mt 23:29-31). Nasi leo tunaua jina la mtu kanisani, kwenye kikao cha jumuiya, hata kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, kisha tunamchangia jeneza zuri. Kanisa linafundisha kwamba aliyeharibu jina la mwenzake anawajibika kulirekebisha, hata kama ameshaungama na kusamehewa. Ulisema mbele ya watu kumi? Rudi kwa hao kumi, uwaambie ulikosea. Ni aibu, ndiyo. Lakini yeye amebeba aibu isiyo yake muda wote huo.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga magoti akapangusa sakafu. Kama uliyemsingizia angali hai, usingoje Pasaka. Nenda leo baada ya misa. Mimi nilichelewa.