Uhalisi wa Kuazima

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyejulikana kama Saleh J aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice akaupachika maneno ya Kiswahili. Kaseti zake zikasambaa, mashindano ya Yo Rap Bonanza yakampa jina, na mpaka leo anayesimulia historia ya Bongo Fleva hawezi kumruka. Kinachosahaulika ni mkasa wa huyo aliyeazimwa. Kwao Marekani, Vanilla Ice alikuwa amekwisha kuwa kichekesho. Gazeti la Dallas lilikuwa limefichua kwamba wasifu uliotangazwa kwa jina lake, wa kijana aliyekulia mitaa migumu ya Miami, ulikuwa umetiwa chumvi. Sehemu kubwa ya ujana wake aliishi Texas, katika viunga vya watu wenye nafasi. Hata mdundo haukuwa wake. Ulitoka katika wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981.

Basi wimbo ambao kwao ulitajwa kuwa mfano wa ufeki, Dar es Salaam ulisaidia kuzaa muziki ambao vijana wa Tanzania wanauita wao bila kusita. Toleo hili linaanzia hapo.

Watu wazima wakizungumzia vijana na usasa, hukumu huwa imeandikwa kabla ya kesi kusikilizwa: vijana wanaiga. Kweli wanaiga. Lakini nani hakuiga? Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea hadi bara, iliiga bendi za kijeshi za Wazungu, tarumbeta, sare na vyeo vyake vyote. Taarabu ya Unguja ilichota Misri. Muziki wa dansi, ambao wazee huuita "wa enzi zetu" huku macho yakiwalegea, ulijifunza mengi kutoka sahani za santuri za Kuba zilizoingia Afrika kwa alama ya GV. Anayemlaumu mjukuu kwa kucheza amapiano ya Afrika Kusini afikirie kwanza rumba aliyoicheza yeye ilivuka bahari ngapi.

Kuiga kukiondolewa mezani, linabaki swali zito zaidi: nani ana mamlaka ya kusema hiki ni halisi na hiki ni feki, huyu mjanja na yule mshamba, na kipimo hicho kinamnufaisha nani?

Serikali ya Tanzania imewahi kukitaka kipimo hicho mkononi mwake. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zilipigwa vita kwa hoja kwamba si utamaduni wa Mwafrika. Tarehe haijafika, wanawake wakaanza kushambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Magazetini kukawaka moto, na hoja za waliopinga hazikuwa za kitoto. Suti na tai za waheshimiwa zilishonwa kwa mila ya kabila gani? Kama kufunika magoti ndio Uafrika, mababu waliovaa ngozi kiunoni walikuwa watu wa wapi? Mwaka uliofuata muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini.

Katika kipindi hichohicho, maofisa wa Mkoa wa Arusha walikuwa wakiwashurutisha Wamasai waache lubega na wavae suruali. Kijana wa mjini alikosa kwa kuvaa kama Mzungu, kijana wa Umasaini akakosa kwa kukataa kuvaa kama huyohuyo Mzungu, na wote wawili walihukumiwa kwa jina la taifa moja. Mwaka 2004 kundi la X Plastaz la Arusha likatoa albamu yenye jina "Maasai Hip Hop" kupitia kampuni ya Ujerumani. Sauti ya Kimasai na shuka, vilivyokuwa aibu kwa ofisa wa 1968, vikawa ndiyo tiketi ya kupanda majukwaa ya Ulaya. Shuka haikuwa imebadilika.

Arusha hiyohiyo ina funzo jingine. Mwanaanthropolojia Brad Weiss, ambaye mwaka 2009 alichapisha kitabu kuhusu saluni za kiume za mji huo, aliwakuta vijana wanaokusanyika kwa kinyozi, ukutani pametapakaa sura za wasanii wa Marekani. Kilichowafanya vijana hao waamini rap kuwa ya kweli kilikuwa machungu yaliyomo ndani yake. Mtu aliyeteseka ndiye anayesema kweli, na Tupac Shakur, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1996, alikuwa shahidi mkuu. Sura yake ilipakwa kwenye daladala, kwenye vibanda, kwenye fulana za mitumba. Tupac huyo alikuwa amesomea uigizaji, ushairi na hata ballet katika shule ya sanaa ya Baltimore. Hilo haliyafuti machungu aliyoyaimba. Linaonyesha tu kwamba hata machungu, ili yafike kwa msikilizaji, hufanyiwa mazoezi.

Tangu hapo kipimo cha uhalisi kikapata anwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashabiki wa Dar es Salaam walijigawa: upande mmoja Temeke ya Juma Nature na kundi la Wanaume, upande wa pili East Coast Team ya Upanga, yenye King Crazy GK, AY na Mwana FA. Wa Temeke walikuwa wagumu, sauti ya uswahilini. Wa Upanga walisemwa kuwa mabishoo, vijana wa Kiingereza na nguo zilizopigwa pasi. (Jina la East Coast lilifika mjini pamoja na habari za ugomvi wa rap wa Marekani, ingawa mtetezi wao angeweza kusema kwamba Upanga nayo iko pwani ya mashariki.) Aliyekuwa na historia kichwani angetabasamu. Zamani za beni, miji ya Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti: Marini wakajiona waungwana, Arinoti wakachukuliwa kuwa watu wa hali ya chini, na mashindano yao ya mavazi na nyimbo yaliwagawa vijana kama walivyogawanyika baadaye kati ya Temeke na Upanga. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Enzi za beni kila upande ulijitahidi kuonekana wa juu. Miaka ya 2000 sifa ilihamia chini, na msanii aliyekulia kwenye nafuu ndiye aliyelazimika kujieleza.

Mageuzi hayo yaliwapa vijana kitu ambacho hakuna semina ingewapa. Alex Perullo, aliyeutafiti muziki wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, alionyesha jinsi rap ilivyowasaidia vijana kulikataa jina la wahuni walilobandikwa na jamii na magazeti. Kijana asiye na ajira, aliyezoea kufukuzwa barazani, alisikia mtaa wake ukitajwa redioni kwa fahari. Professor Jay alipotoa "Ndiyo Mzee" mwaka 2001, mwanasiasa mwenye ahadi tupu ndiye aliyekuwa kichekesho, na kijana ndiye aliyecheka. Baadaye wanarap wenyewe waliingia mjengoni: Sugu akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, Professor Jay wa Mikumi mwaka 2015, na Mwana FA, bishoo wa jana, akafika hadi unaibu waziri mwenye dhamana ya sanaa.

Nairobi ilipita njia inayokaribiana na hiyo. Wanarap wa kundi la Kalamashaka walitoka Dandora, mtaa ambao wengine waliujua kwa jaa la taka la jiji, wakautaja bila kuomba radhi. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani ambayo walimu waliilaumu kwa kila alama mbaya ya insha, ikapata kituo chake cha redio, Ghetto Radio. Kisha wenye fedha wakasikia harufu. Safaricom, kampuni kubwa kuliko zote za simu nchini Kenya, iliupa mpango wake wa zawadi jina la Bonga, neno lililotoka kijiweni. Tangu hapo mabango yamekuwa yakimsemesha kijana kwa lugha yake, yakimuuzia bando.

Matatu ndiyo shule nzuri zaidi ya jambo hili. Mwaka 2004, Waziri John Michuki alileta kanuni zilizoitia adabu sekta hiyo. Mstari wa manjano ukachukua nafasi ya michoro, na usalama wa abiria ukapata nafuu ya kweli. Ila vijana hawakuacha kuitamani nganya, matatu yenye sura za wasanii ubavuni, taa za rangi na muziki wa kutikisa kifua. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akataka wachoraji waachwe wafanye kazi, na magari yakarudi kuwa nyumba za maonyesho zinazotembea. Wenye matatu hawachori kwa mapenzi ya sanaa. Wanajua kwamba abiria wa Buruburu au Rongai ataiacha gari ya rangi moja iende tupu, asubiri nganya, hata nauli ikiwa juu kidogo. Kuwa poa kuna bei, na kila asubuhi kuna anayeikusanya.

Singeli inauweka wazi mchezo huo wote. Muziki huu ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na jirani zake, kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha, ukirithi mchiriku na vinanda vyake vya bei rahisi. Mdundo wake unaweza kuvuka mapigo 200 kwa dakika. Kwa miaka mingi watu wenye heshima zao waliuona uhuni mtupu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", wasanii wa uswahilini wakaalikwa Ulaya, na wasikilizaji wa huko wakausifu kama sauti ya kesho. Ndipo baadhi ya masikio ya nyumbani yalipozibuka. Je, kijana wa Manzese alihitaji cheti cha Ulaya ili aambiwe kwamba anachokifanya ni sanaa? Waliocheza kigodoro hawakukihitaji. Wenye nafasi ndio waliokihitaji, na jambo hilo linasema mengi juu yao kuliko juu ya muziki.

Upo upande mchungu, na toleo hili halitauficha. Mtaa ukishakuwa chapa, huuzwa hata pale wakazi wake wasipopata kitu. Diamond Platnumz aliipa albamu yake ya 2018 jina la "A Boy from Tandale", na ana haki zote, kwa kuwa alitoka huko kweli. Tandale yenyewe bado inaingiliwa na maji masika yakikaza. Wasanii wasio na chimbuko hilo hujifunza kulivaa, na kijana wa sekondari anayejua kwamba baba yake analipa ada bila shida hujikuta akijitungia dhiki ili asionekane laini. Umaskini uliogeuzwa vazi humsumbua asiyeujua, na humtukana anayeishi ndani yake.

Kundi moja kipimo hiki hakijawahi kulitendea haki: wasichana. Mwaka 1968 mwili wa msichana ndio uliokaguliwa kwa niaba ya utamaduni. Januari 2021, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilimfungia msanii Gigy Money miezi 6 kwa vazi alilovaa jukwaani Dodoma. Kati ya tarehe hizo mbili serikali zimebadilika, vyama vingi vimerudi, redio binafsi zimejaa, na rula imebaki ikipima goti lilelile. Mtaa nao haukuwa mwema zaidi. Ugumu ulipofanywa alama ya uhalisi, wanaume waliupata kwa kukunja uso. Mwanamke mwenye kipaza sauti akaulizwa nani anamwandikia mistari. Mwanarap Nazizi aliitwa mama wa kwanza wa rap ya Kenya. Ni cheo cha heshima, lakini hakuna mwanamume aliyepewa chake kwa kuhesabiwa kama mgeni wa kwanza kuruhusiwa mlangoni.

Katika kupima uhalisi, sasa kinyozi na kigodoro vina mpinzani. Zamani aliyejidai kuwa wa Temeke alisikilizwa na watu wa Temeke, na walimjua. Leo hukumu hutolewa na hesabu ya watazamaji kwenye simu, wengi wao wasiojua Temeke iko upande gani wa jiji. Anayecheza vizuri Bukavu anaonekana Muscat na Minnesota kabla jirani yake hajamwona. Hilo ni neema. Pia linamsukuma kijana acheze mtaa wake kama wageni wanavyoutarajia, akizidisha vumbi, akizidisha lafudhi.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba mamlaka ya kupima yabaki karibu na wanaoishi na kinachopimwa, na malipo yawafuate. Kampuni inayotumia misemo ya kijiweni kwenye mabango iwalipe waandishi wa kijiweni. Baraza linalotaka kulinda maadili liache kuanza na nguo za wanawake. Na walimu wanaoitupa Sheng nje ya darasa wajaribu angalau mara moja kuifundishia ushairi.

Toleo lijalo limetenga kurasa za barua. Waliokuwa wasichana wa mjini mwaka 1968 leo ni bibi, na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Waandike. Na aliye na kaseti za rap ya Kiswahili za miaka ya 1990 ndani ya sanduku asizitupe. Azinakili kabla utepe haujaoza.