Kipepeo wa Mlimau na Nzi wa Ndizi

Juma lililopita, hapa Lubumbashi, kipepeo aliingia darasani kwangu. Alikuwa mweusi mwenye madoa ya manjano, mkubwa karibu kama kiganja. Watoto wote wakamtazama. Ndipo kijana mmoja akamwambia mwenzake aliyevaa shati lenye viraka: "Tazama kipepeo! Wewe ni nzi tu."

Aliyechekwa akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, huyo ndiye atagaye mayai juu ya mlimau wetu. Viwavi wake wamemaliza majani, na mama hana malimau ya kupeleka soko la Kenya."

Alisema kweli. Wataalamu humwita kipepeo huyo Papilio demodocus, na watoto wake hula majani ya milimau na michungwa. Kiwavi mchanga hufanana na mavi ya ndege, asipate kuliwa. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali.

Na nzi je? Sisemi yule wa chooni, achukuaye vijidudu vya kuhara. Huyo tumfunikie chakula. Nasema yule mdogo wa milimita 3 hivi, azungukaye ndizi zilizoiva na kibuyu cha munkoyo. Kipepeo ana mabawa manne. Yeye ana mawili tu, na nyuma yake virungu viwili vidogo vimsawazishavyo arukapo. Penye joto la kutosha, kutoka yai hata nzi kamili ni siku 10 hivi. Kwa hiyo mtu aweza kuona vizazi vingi kwa mwaka mmoja. Macho yake ni mekundu, lakini mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan wa Marekani alimwona mmoja mwenye macho meupe. Kwa kuwachunguza wazao wake alionyesha jinsi urithi wa wazazi uwafikiavyo watoto, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1933. Tena wataalamu wengi huona kwamba asili ya nzi huyo ni misitu ya miombo, kama hii ituzungukayo.

Tusimchukie kipepeo, naye hubeba unga wa maua toka ua hata ua. Lakini wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yule aliyecheka aliinamisha kichwa. Basi, wazazi, jioni hii waulizeni watoto wenu: leo shuleni mmemwita nani nzi?