Seva ikilala Isiolo, Linux haitaiamsha, ila laptopu yako itapona

Umetoka Merti kwa basi, vumbi limekujaa mpaka masikioni, na sasa uko kwenye saiba mjini Isiolo ukitaka kuomba cheti cha maadili mema. Kuna kazi ya ulinzi umeiona, na mwisho wa kutuma maombi ni kesho. Kijana wa saiba anabonyeza mara tatu, anakuna kichwa. "Bro, seva iko chini." Nauli ya kurudi unayo. Pesa ya kulala mjini huna.

Hili la seva kulala tulilijua vizuri Julai 2023. Mwisho wa Juni Rais Ruto alikuwa amezindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Hata mwezi haukuisha, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaivamia. Waziri wa Teknolojia wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba mtandao umeshambuliwa, akasema hakuna data iliyopotea. Lakini watu walisota. Kununua tokeni za stima kwa simu kukawa shida, na abiria wa treni ya SGR wakapata taabu ya kukata tiketi. Oktoba 2024 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani kuhusu kundi hilo, ikidai lilifanya mashambulizi zaidi ya 35,000.

Shambulizi lenyewe halikuhitaji ujanja mwingi. Fikiria kisima chenye birika moja. Mtu anakuja na ngamia elfu kumi wasio na kiu, anawasimamisha hapo, hawanywi wala hawatoki. Mbuzi wako watatu hawatafika majini. Seva nayo huletewa maombi ya uongo mengi kiasi kwamba lako la kweli halisikiki. Na wakati mwingine adui hata hayuko: tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, sisi wenyewe ndio ngamia.

Kila hili likitokea, hakosi mjuaji mmoja wa kusema, "Gava ihamie Linux, mambo yaishe." Mimi Linux naipenda, lakini hapo nakataa. Seva nyingi za tovuti duniani zinatumia Linux tayari, na birika likijaa ngamia, limejaa tu. Kinachosaidia ni seva za akiba, watu wa kuchuja trafiki mchana na usiku, na njia mbadala kwa mwananchi. Njia mbadala ndiyo inaniuma. Mwaka ule wa 2023, wageni waliokwama kuomba viza mtandaoni waliruhusiwa kuipata wakitua uwanja wa ndege. Poa. Sasa wewe uliyetoka Merti uliruhusiwa nini? Malipo ya huduma za serikali yameelekezwa kwenye paybill moja, 222222. Mlango ukiwa mmoja, ukikwama tunabaki nje sote, na hakuna programu ya kompyuta inayotibu uamuzi wa aina hiyo.

Basi Linux ni ya nini? Angalia mashine iliyo mbele yako hapo saiba. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kuhamia Windows 11 kunataka prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Laptopu nyingi za mtumba haziwezi. Mwenye saiba ana njia kadhaa: anunue mpya, aendelee na mashine isiyo na kinga huku wateja wakiandika nywila zao za eCitizen humo, au aweke Linux.

Linux Mint inaenda vizuri kwenye memori ya GB 4. Ni bure, na bure hapa si ile ya kuibia programu kisha kuletewa virusi. Utahitaji flashi ya GB 8 na bando ya kupakua faili ya karibu GB 3, kwa hivyo tafuta Wi-Fi ya mtu. Iwashe kutoka kwenye flashi kwanza, bila kufuta chochote, uone kama printa na Wi-Fi vinashika. Printa zingine husumbua, siwezi kukudanganya. Faili za Excel zenye makro nazo zinaweza kugoma ndani ya LibreOffice, hivyo kama kazi yako ni hizo, bakisha mashine moja ya zamani kando. Na hifadhi faili zako kabla ya kugusa kitu.

Kuna kingine kinachonivutia. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kiini chake kimo kwenye simu yako ya Android. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake ya Linux kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Akafukua, akakuta mtu amepenyeza mlango wa siri kwenye programu ndogo iitwayo xz, kabla haujasambaa kwenye seva nyingi. Angeweza kufukua kwa sababu hakuna aliyemfungia msimbo.

Amri unazojifunza kwenye hiyo laptopu chakavu ndizo wanazotumia wanaolinda seva kubwa. Ukizijua, siku moja simu ya usiku kwamba mtandao umelala inaweza kupigwa kwako. Kwa leo, muulize kijana wa saiba kama kuna mtu anamjua wa kukulaza, na kama ana flashi.